Miguu ya gari kuukuu Dar: mtumba wa Japani, kopi mpya, orijino au kukarabati?

Boli jointi ya Carina Ti yangu ilichomokea kwenye tuta, barabara ya Goba kwenda Mbezi, saa moja kasoro asubuhi, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Tairi la mbele kushoto likalala kama mbuzi aliyegoma njiani, madigadi ikakaa juu yake, na bodaboda aliyekuwa pembeni akanipa pole yenye kicheko ndani. Boli jointi hiyo ilikuwa mpya. Ilikuwa na miezi minne tu tangu niitoe dukani Kariakoo kwenye boksi linalong'aa, na fundi aliifunga mbele ya macho yangu. Gari hilohilo lina staringi raki (kile chuma chenye meno kinachopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi) ya mtumba niliyoiokota kwenye rundo la vyuma Ilala, imejaa vumbi, imeandikwa namba kwa maka peni, na huu ni mwaka wa sita haijanidai hata shilingi.

Tangu siku ile niliacha kuuliza "mtumba au mpya?" Swali hilo halina jibu moja kwa gari zima. Sasa nauliza kifaa kwa kifaa: hiki kikifa, kinakufaje? Kuna vifaa vinavyokufa kwa kelele, mwezi baada ya mwezi, mpaka majirani wanajua umerudi kazini. Kuna vingine vinanyamaza halafu siku moja vinaachia. Hayo makundi mawili hayanunuliwi sehemu moja wala kwa bei moja.

Kwanza tuelewane majina. Mtumba ni kifaa kilichofunguliwa kwenye gari lililokatwa Japani kikaletwa na kontena. Kopi ni mpya za bei ndogo, nyingi kutoka China, na boksi lake linaweza kuwa na jina ambalo hujawahi kulisikia au, vibaya zaidi, jina unalolijua vizuri. Tatu ni mpya za kueleweka: zenye nembo ya mtengeneza gari, au za viwanda vinavyoishi kwa kazi hiyo, kama KYB kwa shokapu (mafundi wetu bado wanasema Kayaba), 555 ya Japani na CTR ya Korea Kusini kwa boli jointi na tairodi. Kundi hili ndilo linaloghushiwa zaidi, kwa sababu hakuna anayehangaika kughushi jina lisilouzika. Nne ni kukarabati kilekile cha kwako: bushi ya kuchonga, shokapu ya kurudishiwa oili, boli jointi ya kupigwa weldi.

Boli jointi na tairodi endi: hapa sina mjadala

Boli jointi ni kichwa cha chuma cha mviringo kinachozunguka ndani ya kikombe chenye grisi, na nje kimefunikwa na kimpira. Inaunganisha amu ya chini, yaani mkono wa chuma unaotoka kwenye bodi kwenda kwenye tairi, na kile chuma kinachobeba tairi, ambacho mafundi wanakiita nako. Kimpira kikichanika, maji ya masika na vumbi la Madale vinaingia, grisi inatoka, chuma kinasaga chuma. Siku ambayo kichwa kimekuwa chembamba kuliko mdomo wa kikombe, kinachomoka, na tairi halina tena kitu cha kulishika chini. Tairodi endi ina umbile lilelile, ila yenyewe inashika usukani: ikichomoka, tairi moja linakwenda unakotaka na lingine linakwenda linakotaka.

Wala si ugonjwa wa magari yetu ya zamani peke yake. Januari 2007 Toyota iliyaita gereji magari zaidi ya 500,000 ya Tundra na Sequoia huko Marekani kwa ajili ya boli jointi za mbele, na mengi yalikuwa bado machanga.

Kwa hiyo mtumba hapa, hapana. Hujui umetembea kilomita ngapi, na kimpira chake ni mzee sawa na cha kwako. Kukarabati, hapana mara mbili: moto wa weldi unaunguza grisi na kuharibu ugumu wa chuma, na kilichobanwa kwa weldi leo kinakosa uhuru wa kuzunguka kesho. Kopi ya bei ndogo nimeshaeleza ilikonifikisha. Inabaki mpya ya kueleweka, na kazi yako ni kuitenga na feki.

Mimi nafanya hivi pale pale kaunta. Nashika lile shina lenye uzi na kulizungusha kwa mkono. Kitu kizuri kinazunguka kwa uzito, taratibu, na ukinzani uleule kila upande. Kikilegea kama kijiko kwenye kikombe cha chai, narudisha. Naangalia kama alama na namba zimegongwa kwenye chuma chenyewe na si kwenye boksi tu, kama kimpira kimebanwa na pete juu na chini, na kama nati na spliti pini mpya (kipini kinachoizuia nati isilegee) zimo ndani. Halafu nasikiliza bei. Muuzaji mmoja aliniambia, "Dada, hii ndiyo yenyewe, ila kwa sababu ni wewe nakufanyia nusu." Nikamshukuru nikaondoka. Yenyewe haina nusu.

Spliti pini hiyo ndogo isidharauliwe. Fundi wangu wa sasa, mzee wa Tabata ambaye huwezi kuanza kumweleza tatizo kabla ya shikamoo, ana kawaida ya kuitupa pini ya zamani mbali ili asishawishike kuirudisha. "Mwanangu," anasema, "nati bila pini ni ahadi."

Kabla hujanunua, hakikisha ndiyo mbovu, maana pesa nyingi zinazopotea kwenye miguu ya gari zinakwenda kwenye kifaa kizima. Inua gari kwa jeki, liwekee stendi, shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mtu akanyage breki wakati unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi ya tairi. Ukibaki, ni boli jointi. Ukishika kushoto na kulia likacheza, anza kutazama tairodi endi na raki endi, kile kiungo cha ndani kati ya tairodi na raki. Kwenye gari lenye shokapu iliyosimama na springi juu yake, kama Carina, IST au Premio, jeki inakaa kwenye bodi ili amu ining'inie. Kwenye Mark X, ambayo mbele ina amu mbili na uzito unashukia amu ya chini, jeki inakaa chini ya amu hiyo, la sivyo springi inaibana boli jointi na mbovu inaonekana nzima. Gereji nyingi za barabarani zinainua magari yote namna moja.

Kwenye Toyota nyingi ndogo boli jointi imefungwa na bolti kwenye amu, kwa hiyo unabadilisha yenyewe tu. Kwenye Nissan nyingi imekaa ndani ya amu moja kwa moja. Hapo fundi atakwambia anaweza kuigonga itoke na kupachika nyingine. Mimi naona bora ununue amu nzima mpya, kwa sababu tundu lililogongwa kwa nyundo halishiki tena kama lilivyotoka kiwandani, na amu mpya inakuja na bushi zake.

Raki: hapa Ilala inaishinda Kariakoo

Raki inakufa kwa adabu. Inaanza kuvuja, usukani unakuwa mzito asubuhi, unasikia nafasi katikati kabla tairi halijaitika. Inakupa wiki, mara nyingi miezi. Na ndani yake kuna meno na sili vilivyofungiwa ndani ya mabuti ya mpira, mbali na vumbi, kwenye gari ambalo maisha yake yote limetembea lami ya Japani. Kwa sababu hiyo raki ya mtumba iliyochaguliwa vizuri naiamini kuliko mpya ya bei ndogo, na naiamini mno kuliko ya kukarabatiwa, ambayo sili zake zinabadilishwa lakini shafti yenye mikwaruzo inarudishwa ileile, ikaanza kuzila hizo sili mpya siku ya kwanza. Orijino mpya? Kwa gari la miaka ishirini na zaidi, bei yake inakaribia kukufanya umuulize dalali gari lenyewe linauzwa ngapi.

Kuchagua kwenyewe ndiko kunakohitaji subira. Mwombe muuzaji afungue buti moja. Ukikuta oili ndani, sili imekufa, hata kama nje pamefutwa vizuri. Zungusha pinioni, gia ndogo inayoungana na usukani, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine: iende bila kukwama, na hasa katikati, maana hapo ndipo raki inapofanya kazi maisha yake yote na ndipo meno yanapolika. Linganisha na ya kwako urefu, mahali pa bushi na mahali pa mabomba. Ukishainunua, toa tairodi endi zake, raki endi zake na mabuti yake, uvitupe. Hivyo ni vichwa vya mviringo, na nimeshasema vya mtumba sivigusi.

Baada ya kufunga, mfumo wa oili unasafishwa kwanza. Kumwaga ATF mpya, yaani oili ya usukani, juu ya uchafu mweusi wa zamani ni kuiandalia raki mazishi. Na usishikilie usukani umekatwa hadi mwisho kwa muda mrefu, pampu inachemka.

Wenye Vitz, IST na Passo, nyingi zinatumia mota ya umeme kwenye nguzo ya usukani, hakuna oili. Usukani ukiwa mzito na taa ya P/S ikiwaka, usikimbilie raki. Anza na betri, waya na kupima kwa mashine. Nguzo ya mtumba ni sawa, mradi namba zifanane, lakini sensa yake inahitaji kuwekwa upya kwenye sifuri. Fundi asiyejua hilo atakurudishia gari linalovuta upande na kulaumu tairi.

Bushi: mpira tu, amu nzima, au ya kuchonga

Bushi ni silinda ya mpira iliyogandishwa kati ya bomba la ndani na la nje. Haizunguki, inajipinda. Hilo dogo ndilo linaloamua kila kitu hapa, kwa hiyo nitalikalia kidogo.

Fundi akining'iniza gari kwenye jeki, akafunga amu mpya na kukaza bolti za bushi amu ikiwa imelala chini, bomba la ndani linabanwa katika pozi hilo. Gari likishushwa, amu inapanda na mpira unapindwa moja kwa moja, kama kitambaa kinachokamuliwa saa ishirini na nne. Ukipita kwenye shimo unapindwa zaidi, na baada ya miezi michache unachanika. Wewe unasema bushi ilikuwa feki. Inawezekana, lakini inawezekana pia umeua orijino kwa spana. Dawa ni kukaza kwa mkono tu gari likiwa juu, kulishusha likae kwa miguu yake, ndipo ukaze kabisa. Ni kazi ya kujikunja chini ya gari na hakuna anayeipenda, kwa hiyo uisimamie.

Ukiwa umelielewa hilo, ulinganisho unakuwa rahisi. Amu nzima ya mtumba ni udanganyifu wa kujitakia: chuma ni kizuri, lakini mpira umezeeka kwa joto na hewa hata kama gari halikutembea. Ukiipata kwa bei nzuri, ihesabu kama chuma tu na uitie bushi mpya. Bushi pekee mpya ya kueleweka, ikishindiliwa na presi na si nyundo, kwangu ndiyo bei yenye akili zaidi kwa gari kuukuu. Amu nzima mpya inafaa pale boli jointi nayo imechoka au mashine ya presi iko mbali. Kopi ya amu nzima naikubali shingo upande, baada ya kuizungusha boli jointi yake kwa mkono.

Bushi ya kuchonga, ile inayokatwa kwenye mpira mgumu au plastiki na fundi wa mashine, ina sifa moja ya kweli: inadumu. Wenye Canter na Hiace wanaipenda. Ila haijipindi, inasugua, na mtikisiko wote unaingia ndani ya gari na kwenye matundu ya bolti. Kwa gari la mizigo, sawa. Kwa Premio ya kumpeleka bibi kliniki, hapana.

Stabilaiza linki, kifimbo kinachoshika ile fito inayozuia gari lisilale kwenye kona: nunua yoyote mpya. Ikifa inagonga kokoko kwenye mawe, imeishia hapo; tairi halidondoki, ingawa kwenye kona gari linalala zaidi. Hapo ndipo mtu mwenye bajeti ndogo anaweza kufanya ubahili kwa amani.

Shokapu

Springi inabeba uzito, shokapu inaituliza. Shokapu iliyokufa haikuachi njiani, na hapo ndipo hatari yake ilipo, kwa sababu unaizoea. Unajikuta unapunguza mwendo Mandela Road ukisema barabara imeharibika, kumbe tairi linarukaruka na breki inakamata hewa nusu ya muda. Pitisha kiganja juu ya tairi: ukisikia mawimbi, milima na mabonde, shokapu inakushtaki.

Mtumba wa shokapu ni bahati nasibu yenye odi za wastani. Kinachopimika dukani ni kidogo: ikandamize hadi chini kwa uzito wako, isiwe na sehemu ambayo mkono unashuka bure, na za gesi zipande zenyewe, zote mbili kwa kasi moja. Shafti isiwe na kutu wala mikwaruzo. Ukipata jozi ya hivyo kutoka gari moja, itakupa muda. Mpya za KYB au za daraja hilo zitakupa muda mrefu zaidi, na kama unaishi Goba, Kinyerezi ndani au Chanika ambako lami inaishia ulipotarajia kufika nyumbani, tofauti ya bei inarudi kwenye matairi. Za kujazwa oili nimewahi kuzijaribu. Zilikuwa nzuri kwa wiki tatu. Shokapu inatobolewa, inamiminwa oili yoyote iliyopo na kuzibwa. Gesi iliyokuwamo hairudi.

Badilisha jozi, mbele zote au nyuma zote, na wakati ziko chini tazama mauntingi na beringi za juu. Usukani unaogoma kurudi wenyewe baada ya kona, huku springi inalia twang, mara nyingi unalalamikia beringi hiyo ya bei ndogo.

Wanaonyanyua IST kwa spesa ili zipite kwenye mashimo, mnajua raha yake. Gharama yake ni kwamba boli jointi na draivu shafti (zinazopeleka nguvu ya injini kwenye tairi) zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuchongewa, na vimpira vinachanika mapema. Nyanyua kidogo, kagua mara kwa mara.

Wenye Harrier za AIRS zenye mifuko ya hewa, na baadhi ya Forester ambazo shokapu za nyuma zinajisawazisha zenyewe, wanaulizwa swali gumu zaidi: kurudishia mfumo uleule au kuhamia springi za kawaida? Mfuko wa hewa ni mpira, na mpira wa mtumba umezeeka. Mimi ningehamia springi, mradi zibadilishwe springi na shokapu pamoja. Kwa Forester hasa, kuweka shokapu ya kawaida juu ya springi ya zamani kunaliacha gari limekaa chini nyuma, kwa sababu springi ile ilikuwa laini ikitegemea msaada wa shokapu.

Fedha zisipotosha

Ambaye pesa yake haitoshi vyote, na ndio wengi wetu, anaanza na vichwa vya mviringo: boli jointi na tairodi endi za kueleweka, pande zote mbili. Zinafuata bushi, kisha shokapu, linki mwisho. Raki inayovuja kidogo inaweza kusubiri ukiwa unaangalia kiwango cha oili kila wiki. Yenye mchezo katikati isisubiri. Alaimenti, yaani kupima na kunyoosha matairi, inafanywa mara moja, mwishoni, kila kitu kikishafungwa. Kuifanya kabla ni kumlipa mtu apime gari ambalo kesho litakuwa jingine.

Na kabla ya kununua hata nati, lala chini na bisibisi, ugonge pale amu inapofungwa. Magari yaliyotoka mikoa ya theluji ya Japani yamepita kwenye barabara zinazomwagwa chumvi, na hewa ya Kunduchi au Kigamboni inamalizia kilichobaki. Krosimemba (fremu ya chuma chini ya gari inayoshika amu) iliyoliwa inabadilishika, na ya mtumba isiyo na kutu inafaa kabisa, maana ni chuma kitupu. Ikiwa kilicholiwa ni bodi yenyewe pale krosimemba inapokamata, weka pochi mfukoni.

Jirani yangu, naye mwenye Carina, bisibisi yake ilipenya hadi mpini. Ameiuza gari vipandevipande nyumbani kwake, kipande kwa kipande, mpaka ikabaki paa. Raki yake ilikuwa kavu ndani ya mabuti, nikainunua mimi, iko stoo inasubiri zamu. Boli jointi zake sikuzigusa.